Mama Aliyezikwa kwa Wimbo

Verlie Stamper alifika kwao Ijumaa mchana, gitaa begani na viatu mkononi. Basi lililombeba yeye na wapiga ala wake lilimshusha barabarani, maana daraja la mbao la kuingilia bondeni halibebi basi, na viatu vyenyewe vilikuwa vya jukwaani, visigino virefu kama vijiti. Akavivua. Akatembea peku juu ya changarawe, taratibu, kama mtu anayekanyaga mayai.

Miguu ilikuwa imevimba. Jana yake alikuwa ameimba kwenye maonyesho ya ng'ombe huko Indiana, na juzi yake kwenye jumba la kamari ambako watu hawakugeuza hata shingo. Ndivyo maisha yake yalivyokuwa tangu ujana: basi, chumba cha kulala wageni, kahawa iliyolala birikani, jukwaa, basi tena. Zamani alikuwa akiamka na kujua yuko mji gani. Sasa alikuwa akilisoma jina la mji kwenye karatasi ya sabuni ya bafuni.

Mdogo wake, Lonzo, alikuwa amekaa barazani akikohoa kile kikohozi cha wachimba makaa. Alipomwona akacheka.

"Haya, nyota imeshuka. Na viatu imevivua."

"Nyota imezimika, Lonzo. Niondolee paka kwenye kiti."

"Paka ndiye mwenye kiti. Wewe mgeni."

Lakini alimwondoa paka, na Verlie akajitupa kitini hata mbao zikalia.

Mama yao, Ollie, alikuwa upande wa pili wa baraza, sufuria ya nta ya moto pembeni yake, akitengeneza maua. Alikuwa wa mtindo wa zamani: anakata karatasi laini ya rangi, anaikunja iwe ua, analifunga kwa waya, halafu analichovya kwenye nta ili mvua isilimalize. Wengine wote bondeni siku hizi hununua maua ya plastiki dukani. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kama mizizi, lakini ua lilitoka ua.

"Umekonda," Mama alisema, bila kuinua macho.

"Nimenenepa, Mama."

"Basi umekonda usoni. Kula. Kuna maharage na mkate wa mahindi." Akalichovya ua, akalining'iniza. Kisha akasema kwa sauti ile ile, kama mtu anayezungumzia maharage, "Mwaka huu napanda kilimani."

Lonzo akaacha kukohoa. Verlie akafumba macho.

Jumapili ile ilikuwa Siku ya Kupamba, Jumapili ambayo kila ukoo wa bonde la Spruce Lick hupanda kwenye makaburi yake, hufyeka, huweka maua, huomba, halafu hula pamoja hapo hapo juu. Ukoo wa Stamper una makaburi yake kileleni, nyuma ya nyumba. Watu wazima hupanda, watoto hupanda, wagonjwa hubebwa. Ni mtu mmoja tu wa nyumba ile ambaye hakuwa amepanda kwa miaka mingi, naye ni Mama Ollie, na sababu ni kwamba alikuwa amekufa.

Alikufa kwenye wimbo. Verlie alipokuwa kijana, mwenye nywele ndefu na sauti ya kukata kuni, alikwenda Nashville, mji wa wanamuziki, na nyimbo alizotunga mwenyewe. Mmoja ulikuwa wa mama yake: mama yuko jikoni, ameweka kahawa motoni, taa inawaka, anamngoja binti arudi kutoka mbali avue viatu. Bwana mmoja wa studio aliusikiliza hadi mwisho, akakuna kidevu. Akasema sauti ni nzuri, tuni ni nzuri, ila mama aliye hai hauziki. Mama akiwa hai, msikilizaji anafikiri, aa, nitampigia simu wikiendi. Mama akiwa kaburini, msikilizaji analia na kununua.

Verlie aliomba aazime simu ya studio. Akampigia mama yake, akamweleza maneno ya yule bwana. Mama Ollie akasema, "Niue tu, mwanangu. Sina kazi nyingine wiki hii."

Basi akamuua. Alihitaji kaburi, akakumbuka mwerezi ulioinama kule kileleni na jiwe la shambani lililosimikwa chini yake, halina maandishi. Akaimba:

*Juu kule kilimani, mwerezi unapoinama,*
*pana jiwe lisilo jina, ndipo alipolala mama.*

Wimbo ule ulipigwa kila redio ya milimani, na za bondeni, na za mjini. Ulimpa Verlie jina, basi, na gauni la shanga. Hakutunga mwingine ukafika hapo. Alijaribu. Alitunga nyimbo za treni, za wanaume, za mvua, moja ya mbwa ambayo yeye mwenyewe aliipenda sana. Watu walipiga makofi ya adabu, halafu mtu wa nyuma akapaza sauti, "Tuimbie Mama!"

Ikawa watu wanaanza kuja. Kila Siku ya Kupamba magari ya kutoka Ohio na Michigan na Indiana yalikuwa yakijipanga kando ya kijito, watu wakipanda na mashada kwenda kulilia lile jiwe. Na meneja wake, Royce, akasema wazi: mama asionekane. Basi Mama Ollie, siku hiyo ikifika, akawa anakaa chumba cha nyuma, pazia limefungwa. Bonde zima likashika siri. Mgeni akiuliza dukani, mwenye duka alikuwa akivua kofia na kusema, "Ah, Bi Ollie. Alikuwa mtu mwema," ilhali Bi Ollie alikuwa amenunua kwake unga asubuhi ile ile na kumgombeza kwa sababu ya funza.

Na hilo si lote. Jiwe lile lilikuwa na mtu chini yake, au tuseme lilikuwa na sehemu ya mtu. Baba yao, Burgin, aliangukiwa na mwamba mgodini, wakamkata mguu, na mguu wa mtu hautupwi. Waliutengenezea kisanduku, wakauzika chini ya mwerezi, wakaweka jiwe tu, bila jina, maana mwenyewe bado alikuwa hai na akisaidia kushika koleo. Yeye alifuata miaka mingi baadaye, akazikwa upande wa pili wa makaburi. Mama Ollie alikuwa akisema, "Mguu wa baba yenu umepata maua mengi kuliko mwili wake wote."

Sasa ndiye huyo anasema anapanda.

"Mama," Verlie alisema, macho bado amefumba, "tutazungumza kesho."

"Kesho tutafyeka. Zungumza sasa."

"Nimechoka."

"Najua umechoka. Hata mimi nimechoka. Kufa kunachosha kuliko unavyofikiri."

Lonzo akacheka, akakohoa, akaingia ndani.

Jumamosi walipanda Verlie na Lonzo, jembe na reki begani, kufyeka makaburi. Verlie alipiga jembe pole pole, mgongo ukimuuma. Kileleni ndipo pekee panaposhika mtandao, na hazikupita dakika nyingi simu ikalia. Royce.

"Verlie, mpenzi! Sikiliza. Ile ziara ya kuaga imekubaliwa. Miji yote niliyokuambia, majira yote ya joto mpaka baridi. Nataka kesho mtu akupige video ukiweka ua juu ya jiwe. Upande wa uso tu, upepo kwenye nywele. Halafu uimbe ubeti mmoja."

"Royce, Mama anataka kupanda kesho."

Upepo ukapita kwenye simu.

"Mama yupi?"

"Mama yangu. Ninaye mmoja."

"Mama yako amekufa, Verlie. Amekufa tangu kabla sijapata mvi." Sauti yake ilishuka, ikawa ya upole, na upole wa Royce ndio uliokuwa ukimchosha zaidi. "Nisikilize. Watu wanataka kulia. Wape nafasi walie. Ukimtoa huyo bibi nje, hao wote uliowaliza miaka hii watakuita mwongo, na hakuna ukumbi utakaokupokea, si wa kuaga, si wa kukaribisha. Unataka kumaliza hivyo?"

"Nataka kumaliza tu, Royce."

"Umechoka. Lala. Kesho vaa lile gauni jeusi."

Lonzo alikuwa ameegemea reki, amesikia yote. Walipoanza kushuka alimsogelea dada yake.

"Daktari amesema moyo wa Mama umechakaa," alisema. "Hakutaka ujue, kwa sababu ungekuja na kulia na kuondoka. Mwakani sidhani, dada."

Verlie alisimama katikati ya njia. Alitaka kumkaripia kwa kuficha, akakosa nguvu ya kukaripia.

"Na wewe unaonaje?" akauliza.

"Mimi? Mimi ndiye huwa nakaa naye chumbani mle siku ile. Wewe uko juu unaimba. Anafungua pazia kidogo, hivi, na kidole. Anatazama. Mimi nimeona hivyo. Haya mengine ni ya watu wa gitaa."

Jioni, jua bado liko juu ya ukingo wa mlima, Verlie alimkuta mama yake jikoni akikaanga kuku wa kesho. Akachukua kisu akaanza kumenya viazi, ili mikono iwe na kazi.

"Mama, ngoja mwaka kesho. Ziara ikiisha nitakaa hapa, na tutapanda wote, mimi na wewe, na watakaokuja waje."

"Mwaka kesho nitapanda bila kukuomba, mwanangu. Watanibeba."

Verlie alimenya kiazi hata kikabaki kidogo kama gololi.

"Nilikuambia uniue," Mama alisema, akigeuza paja la kuku. "Sikukasirika wakati ule, na sasa sijakasirika. Ulikuwa na njaa huko, na mimi nilikuwa mbali, ndicho pekee nilichokuwa nacho cha kukupa. Lakini nilidhani ni kwa msimu mmoja. Nyimbo huwa zinapita. Nani angejua huu utaishi kuliko sisi?"

"Wataniita mwongo."

"Labda."

"Watakuja na kamera."

"Nitachana nywele." Akaketi kitini, pumzi ikimkatika kidogo, akaifuta mikono kwa aproni. "Unajua ni nini kinachonisumbua? Huwa nawasikia. Dirisha lile linashika sauti ya huko juu. Watu wazima wanalia, Verlie, wanaume wazima. Na mimi nimekaa juu ya kitanda na Lonzo kama kuku aliyefichwa mchungaji asimwone. Natamani nitoke niwaulize, nani amewafia? Mtu akilia makaburini kwetu, lazima aulizwe. Ndivyo tulivyolelewa. Hapo juu hakuna anayewauliza. Wewe unaimba tu."

Verlie akachukua kiazi kingine.

"Ukikataa, nitakaa ndani," Mama alisema, na akainuka kwenda kwa kuku wake. "Umezoea kunificha na mimi nimezoea kujificha. Sitakugombeza. Nimekuambia tu ninachotaka, usije ukasema hukujua."

Hapo ndipo Mama alipomshinda. Angepiga kelele, Verlie angepata pa kushika.

Jumapili asubuhi Verlie alivaa gauni jeusi. Alipopita chumba cha nyuma mlango ulikuwa wazi. Mama Ollie alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa gauni la kanisani la buluu, nywele zimefungwa kisogoni, maua yake ya nta ndani ya kikapu miguuni. Pazia lilikuwa limefungwa. Alimtazama binti yake juu mpaka chini, akasema, "Hilo gauni limekubana kwapani," basi.

Verlie akapanda.

Watu walikuwa wengi kuliko mwaka jana, kwa sababu Royce alikuwa ameshatangaza ziara. Ndugu wa bondeni walikuwa upande mmoja wakitandika shuka juu ya meza za mbao, wakipanga kuku, mayai, saladi ya viazi, keki za tufaha za kupangwa tabaka kwa tabaka. Wageni walikuwa upande wa mwerezi. Jiwe halikuonekana kwa wingi wa mashada ya plastiki.

Mbele yao wote alikuwa amepiga magoti Nedra, mwanamke wa Dayton, Ohio, mpishi wa shule, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Huyu alikuwa haachi. Mvua inyeshe, barabara ifungwe, Nedra alikuja, na kila mara aling'oa magugu kuzunguka jiwe kwa mikono yake. Verlie alimjua kwa sura, kama unavyomjua mtu unayekutana naye mlangoni mwa kanisa. Hakuwa amewahi kumuuliza lolote.

"Bi Verlie," Nedra alisema, akijifuta macho. "Nimeshamsafisha mama."

"Asante, Nedra."

Kijana wa video akanyanyua simu yake. Verlie akalishika gitaa, akapiga zile nota za mwanzo, ambazo vidole vyake vingezipiga hata akiwa usingizini, na kweli vilishawahi kuzipiga akiwa usingizini. Watu wakatoa vitambaa. Akafungua mdomo.

Na kutoka hapo aliposimama aliliona paa la nyumba chini, bomba la moshi, na dirisha la nyuma. Pazia lilikuwa limesogea pembeni. Kidogo tu, upana wa kidole.

Alipiga zile nota tena. Akazipiga mara ya tatu. Watu wakadhani ni majonzi, wakaanza kulia kabla yake. Naye hakuwa na majonzi wala nini. Alikuwa amechoka, uchovu ule wa kubeba kitu kizito mpaka mkono unajifungua wenyewe, hujauamuru. Akaliegemeza gitaa kwenye mwerezi.

"Lonzo," akaita. "Nenda kamlete."

"Nani?" Lonzo akasema kwa sauti, mbele ya watu, yule mjinga, kwa sababu miaka yote hiyo alikuwa amefundishwa kusema hivyo.

"Usinichoshe, Lonzo. Kamlete Mama."

Upande wa meza, ndugu wote waliacha kupanga sahani. Shangazi mmoja akasema taratibu, "Bwana asifiwe," akakaa.

Lonzo alishuka mbio, mbio za mtu mwenye mapafu kama yake. Baadaye ikasikika ile pikipiki yake ya magurudumu manne ikinguruma kupanda, na ikatokeza kwenye mpindo wa njia, Lonzo mbele, na nyuma yake Mama Ollie, gauni la buluu, kikapu mapajani, mkono mmoja umeshika kofia. Wageni walisogea kumpisha. Walidhani ni bibi wa ukoo aliyechelewa. Mmoja akamletea kiti.

"Huyu," Verlie alisema, na sauti yake ikatoka kavu, bila tuni yoyote, "ni mama yangu. Anaitwa Ollie Stamper. Hajafa. Hajawahi kufa."

Kijana wa video alisahau kushusha simu. Mzee mmoja kutoka Michigan, mwenye kofia pana ya mchunga ng'ombe yenye unyoya, ndiye aliyeuliza kwanza.

"Kwa hiyo mke wangu na mimi tumelia bure miaka yote hii?"

"Kulia si bure, baba," Mama Ollie alisema kutoka kitini. "Kunasafisha pua."

Wengine wakacheka, wengine hawakucheka. Yule mzee hakucheka. Alimshika mkewe mkono wakashuka, na wengine wakawafuata na masanduku yao ya barafu. Simu ya Verlie ilianza kulia mfukoni. Royce, bila shaka. Yule kijana alikuwa akirusha video moja kwa moja mtandaoni. Verlie aliiacha ilie.

Lakini Nedra hakuondoka. Alikuwa bado amepiga magoti, udongo mikononi, uso umemwiva.

"Nani yuko hapa?" akauliza. Hakuwa akimwuliza Verlie. Alikuwa akimwuliza bibi. "Chini ya jiwe. Nimekuwa nikimsafisha nani?"

Mama Ollie akamtazama, akaona kwamba huyu hawezi kudanganywa tena hata kwa wema.

"Mguu, mwanangu. Mguu wa mume wangu. Aliupoteza mgodini."

Nedra akalitazama jiwe. Halafu akasema, na sasa machozi yalikuwa ya hasira, "Mimi sina mahali. Mnaelewa? Mama yangu alizikwa kwenye kilima chetu, huku huku milimani, kaunti ya pili. Sisi tulikuwa Ohio tunafanya kazi. Kampuni ikaja, ikakata kilima chote kutafuta makaa. Walisema makaburi wameyahamisha. Hakuna aliyejua kwenda wapi. Nilisikia huu wimbo nikasema, haya, jiwe halina jina, nitalishika hili. Nililishika hili! Na ninyi mkanitazama kila mwaka, hamkusema neno."

Maneno hayo yalimwelekea Verlie. Angesema nini? Kwamba hakuwa ameuliza? Alikaa chini kwenye majani, na gauni lake la jukwaani.

"Njoo hapa," Mama Ollie akamwambia Nedra. "Njoo, siwezi kuinuka, Lonzo amenitikisa mifupa yote. Hayo maua uliyoleta, yako wapi? Nipe niyaone kwa karibu. Mimi huwa nayaona dirishani. Mwaka ule ulileta ya zambarau, nilimwambia Lonzo, huyu ana jicho."

Nedra alimpa yale maua, bado akilia. Bibi akayapokea mapajani.

"Mama yako aliitwa nani?"

"Cordia."

"Cordia wa nani?"

"Cordia Napier. Wa Lost Branch."

"Alipenda kupika nini?"

Nedra aliduwaa. Pengine hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza hilo tangu azike. "Biskuti," akasema. "Na shira ya mtama. Alikuwa anaziunguza kila mara, anasema ni kwa sababu ya jiko, kumbe alikuwa anasikiliza redio."

"Ndio hao wazuri," Mama Ollie akasema. Akakaa akifikiri, mdomo ukitafuna hewa. "Sasa sikiliza. Burgin hakuwa mtu wa kubana nafasi. Na mguu ni kitu kidogo. Hili jiwe halikuwahi kuwa na jina. Mwanangu aliliimba kuwa langu, ikawa makosa, mimi nina pangu pale karibu na mume wangu, pameshapimwa. Hili lichukue. Andika Cordia. Lonzo ana patasi. Huo mguu hautamsumbua."

"Lakini yeye hayupo hapa," Nedra akasema.

"Na mimi sikuwapo, na bado ulikuja."

Nedra akaweka kichwa chake kwenye magoti ya yule bibi, kama mtoto, miwani ikampinda, na Mama Ollie akampapasa mgongo kwa vidole vyake vilivyopinda, huku akimtazama Verlie juu ya kichwa chake.

"Sasa imba," akamwambia. "Sijawahi kuusikia ukiuimba mbele yangu. Na pale unaposema mimi, mtaje mwenye jiwe."

Verlie hakuinuka. Aliomba apewe gitaa, akaimba akiwa amekaa chini kwenye majani, peku, sauti imekwaruza kama mlango wa ghala. Kina kilivunjika alipofika mahali pa jina, maana Cordia haliendi na inama. Hakuna aliyejali. Wale waliobaki upande wa mwerezi walikuwa wachache sana, na ndugu wakaja kusimama nao, na walipomaliza wakala wote meza moja, kuku, mayai na keki za tufaha, na mtu akamwuliza kila mgeni nani amemfia. Wengine walikuwa na mengi ya kusema.

Simu ililia mchana kutwa. Mwishowe Verlie akaipokea, akasikiliza, akasema, "Ndiyo, Royce. Najua. Basi usiniandikie miji. Kwaheri, Royce," na akaizima. Hakujisikia shujaa. Alijisikia kama mtu aliyeshushwa kwenye basi.

Waliporudi nyumbani jua bado linawaka upande wa bustani. Mama Ollie aliyaweka maua ya Nedra kwenye chupa ya jamu juu ya meza ya jikoni. Yalikuwa ya plastiki, ya manjano.

"Haya hayanyauki," akasema, akiyapanga. "Yatanitosha mpaka siku yenyewe." Akaweka kahawa motoni, akakaa. "Sasa niimbie ule wa kwanza."

"Upi?"

"Ule kabla hujaniua."

"Mama, koo limekwisha."

"Niimbie na hilo lililobaki."

Verlie aliweka miguu yake juu ya kiti cha pili. Ilikuwa bado imevimba, na udongo wa kilimani umekauka kati ya vidole. Wimbo ule hakuwa ameuimba tangu studio. Alitafuta nota, akazipata moja moja, akaanza, chini chini: mama yuko jikoni, kahawa iko motoni, taa inawaka. Ubeti wa pili ulimpotea. Akarudia wa kwanza. Kidole kikakaa juu ya uzi, hakikushuka. Kichwa kikaegemea ukuta, na mdomo ukabaki wazi kidogo, kama wa mtoto aliyelala.

Mama Ollie alingoja aone kama ataendelea. Alipoona haendelei, akaliondoa gitaa mapajani mwake, akaliweka juu ya meza kando ya maua. Halafu akaumalizia mwenyewe, maneno yote, ubeti wa pili na wa tatu, huku akizima jiko ili kahawa isimwagike. Aliujua. Alikuwa ameimbiwa na Verlie kwenye simu ya studio, siku ile, kabla ya kuulizwa kitu.